Fidla Isiyo na Uzi wa La

Mzee aliyeongoza kikundi alinyoosha mkono, nami nikampa fidla nikidhani anataka kuikagua. Hakuikagua. Alishika kigingi cha uzi unaotoa sauti ya la akaulegeza hadi ukawa sol, akaulegeza na wa mi hadi ukawa re, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote nne, akasikiliza kidogo, akanirudishia.

"Haya binti, tupige."

Nilikuwa nimeitwa kuziba pengo la mpigaji aliyeugua. Kikundi kilikuwa kidogo, udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani), nai (filimbi ya mwanzi), rika (tari ndogo) na fidla, kikipiga nyimbo za Misri za zamani. Nilikuwa na shahada ya muziki na miaka sita ya kukaa kwenye okestra, na nilifika kifua mbele kwa sababu kurasa nilizotumiwa hazikuwa ngumu hata kidogo. Sikufikiri kwamba kurasa za namna ile huandikiwa mtu anayejua tayari.

Nyuzi nilizozijua tangu utotoni ni sol, re, la, mi. Za mzee zikawa sol, re, sol, re. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu hutyuni hivyo, na faida yake ni kubwa: mpangilio wa vidole wa nyuzi mbili za chini unajirudia vilevile kwenye mbili za juu, na nyuzi zilizo wazi hubaki zikivuma chini ya wimbo kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili. Siku ile faida hiyo sikuiona. Nilijiona kama mtu aliyerudi nyumbani usiku, umeme umekatika, na vyombo vyote vimehamishwa. Kila nikinyoosha mguu nagonga kitu.

Suala la vidole lilinichukua wiki mbili. Lililonichukua miaka ni lililofuata. Wimbo ulikuwa katika makamu ya Rast, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na sauti ya tatu ya Rast huipati kwenye piano: inakaa kati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa hatua moja ya piano. Nilikuwa na kile kifaa kidogo cha kupimia sauti kinachobanwa kwenye kichwa cha fidla, taa ya kijani ukipatia, nyekundu ukikosea. Kila nilipopata kijani, mzee alikunja uso. Niliposhusha kidole kidogo, taa ikawaka nyekundu na mzee akaitikia kwa kichwa. Nikakibandua kifaa nikakitia mfukoni.

Baadaye nikagundua kwamba hata hiyo "kati" haikai mahali pamoja. Waturuki huipandisha sauti hiyo kuliko Wamisri, na Wamisri wenyewe wakitoka Rast kwenda makamu nyingine, Bayati, huishusha tena kidogo, ingawa alama kwenye karatasi ni ileile. Fidla inaweza kuwafuata kote huko kwa sababu shingo yake haina vizuizi kama vya gitaa. Kidole hukaa popote sikio linapotaka. Mwaka 1932, wataalamu walipokutana Kairo kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu, piano ndiyo iliyozua ubishi, maana vibao vyake havijui kusogea. Fidla wakati huo ilishakuwa mwenyeji.

Watu wanaotaka kuingia kwenye kazi hii ya kujitegemea, leo na kikundi hiki kesho na kile, huniuliza kwanza napiga mitindo mingapi, kana kwamba mitindo ni nguo kabatini, unavua hii unavaa ile. Nami huwajibu kwamba ukihama mtindo, nyimbo ndiyo sehemu ndogo ya mabadiliko. Kinachohama hasa ni maana ya kukosea. Jambo ulilosifiwa jana, leo unakunjiwa uso kwa ajili yake, na hakuna atakayekueleza kwa sababu kwao ni wazi kama mchana.

Hata ndani ya muziki wa Ulaya peke yake mambo ni hayo. Okestra nilizokulia hutyuni la kwa hezi 440 (mitetemo kwa sekunde) au juu yake kidogo. Vikundi vinavyopiga muziki wa baroque, ule wa Ulaya wa karne ya 17 na 18, kwa mtindo wa zamani mara nyingi hutumia 415, yaani nusu toni (hatua moja ya piano) chini. Wiki yangu ya kwanza huko macho yalisoma la, sikio likasikia la bemoli, na mkono ukasimama katikati ukingoja wawili hao wapatane. Juu ya hayo nyuzi zilikuwa za utumbo wa kondoo, ambazo ukumbi ukijaa watu na joto likapanda, zinaanza kuhama zenyewe. Na kuna ule mtikiso wa kidole tunaofundishwa kuutia kwenye kila sauti ndefu. Kiongozi wa kikundi alinisikiliza kurasa mbili kisha akaniuliza kwa upole kama nasikia baridi. Kwao mtikiso ni pambo, unauweka mahali pamoja pazuri, hupaki ukuta mzima.

Lakini hayo yote yalikuwa makosa ya mgeni, na mgeni husamehewa. Lipo moja ambalo sikusamehewa, na ninaliweka hapa kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi kuliko chuo.

Nilipigiwa simu na mtayarishaji mmoja wa muziki. Alihitaji fidla kwenye wimbo wa jazi, solo ya mizunguko miwili. "Jazi unaipiga?" Nikasema naipiga. Nilikuwa nimeisikiliza sana, na kichwani mwangu kusikiliza sana kulikuwa karibu kabisa na kupiga. Nilipofika studio nikapewa ukurasa mmoja wenye majina ya kodi tu (hizi za muziki, sauti zinazopigwa pamoja, si za nyumba). Nikaugeuza nyuma kutafuta nota. Nyuma kulikuwa kweupe. Nikauliza, "Nota za solo ziko wapi?" Mpiga piano akainamisha macho kwenye vibao vyake, na kwa jinsi alivyoinama nikajua nimekwisha: solo ya jazi huibuni papo hapo.

Nikapanda ngazi za sauti, nikazishuka, nikatia mtikiso wa kutosha okestra nzima. Tulirudia mara kumi na moja, nilihesabu. Mwishowe fundi mitambo akakata vipande vinne vifupi visivyo na aibu, wakavitumia hivyo, na nafasi iliyobaki akapewa mpiga piano. Nililipwa pesa yote tuliyokubaliana, na kila mtu aliniaga vizuri. Simu haikulia tena kutoka upande ule, wala kutoka kwa watu wengine watatu wanne ambao baadaye nilijua ni marafiki zake. Kwenye kazi hii hufukuzwi. Huitwi tu.

Nilikaa na ile fedheha karibu mwaka mzima nikijifunza kwa rekodi za mpiga fidla wa jazi Stéphane Grappelli, yule aliyepiga na mpiga gitaa Django Reinhardt kwenye kikundi chao cha Paris kilichoanza mwaka 1934. Nazipunguza mwendo, naimba kwanza kile anachopiga, kisha ndipo nashika fidla. Kuimba ndiko kulikonifungua. Vidole vyangu vilikuwa na mazoea yao, koo halikuwa na mazoea yoyote kwa hiyo lilisema ukweli. Katika kusomasoma nikakutana na habari iliyonipa nafuu kubwa. Yehudi Menuhin, aliyekuwa tangu utotoni mmoja wa wapigaji fidla mashuhuri duniani, alirekodi na Grappelli miaka ya 1970, na sehemu zake za "kubuni papo kwa papo" ziliandikwa kabla. Menuhin! Aliandikiwa, akapiga, na watu wakafurahi. Mimi nilikuwa na haya ya kusema neno moja kwenye simu.

Basi nikabadilisha jibu langu la simu. Kazi iliyofuata ya namna hiyo ilitoka kwa kikundi cha muziki wa dansi wa Ireland. Nikasema: nyimbo naweza kuzikariri, ila sijawahi kupiga watu wakicheza, nipe wiki tatu na uniruhusu nije kukaa pembeni kwenye mazoezi. Kimya kidogo upande wa pili, kisha, "Wewe ni wa kwanza kusema hivyo." Nikapata kazi.

Na ilikuwa lazima nikae pembeni. Wale hawana stendi za nota. Mmoja anaanza wimbo, wa pili anaudaka, ukirudiwa mara ya tatu wote wamo. Ukija na karatasi unajitenga kama aliyefungua mwavuli ndani ya nyumba. Nyimbo zenyewe, zile za mwendo wa mbilimbili wanazoziita reel na zile za sita kwa nane, nilizishika upesi. Niliposhirikishwa nikapiga kila sauti mahali pake, safi, na mpiga filimbi akaniambia, "Sauti zote zimo, dada. Miguu iko wapi?" Shida ilikuwa mkono wa kulia. Miaka yote ile chuo kilikuwa kimenifundisha kuficha mahali upinde unapogeuka, sauti iteleze kama maji. Mchezaji dansi hana haja na maji. Anataka kujua wapi pa kukanyaga. Wale wazee wa Ireland wanageuza upinde mahali usipotegemea, wanaunganisha sauti ya mwisho ya pigo hili na ya kwanza ya lile, na hapo ndipo mguu unaponyanyuka. Nilielewa siku nilipoacha kuitazama mikono ya wapigaji nikaitazama miguu ya wachezaji.

Tangu hapo nikipewa mtindo mpya naanza na mkono wa kulia. Vidole vya kushoto vinatamka maneno, upinde ndio lafudhi. Na lafudhi, kama ajuavyo mtu yeyote aliyehamia kwa watu, haiishi kabisa. Mimi ninapopiga Rast, Mmisri anasikia kwamba nimekuja ukubwani. Hilo nimelikubali. Nisilolikubali ni kumpigia Mmisri Rast ya kijani ya ile mashine halafu nimwambie naheshimu muziki wake.

Kuna mahali nimeishia mlangoni. Nilijifunza muziki wa Karnatik wa kusini mwa India kwa miezi minane. Mwanamuziki anayetajwa kuwa ndiye aliyeiingiza fidla huko, Baluswami Dikshitar, alizaliwa mwaka 1786, kwa hiyo chombo hiki si mgeni kwao hata kidogo. Unakaa chini, kichwa cha fidla unakiegemeza kwenye kifundo cha mguu wa kulia, mwili wake kifuani. Nilicheka moyoni nilipoona mkao ule, mpaka nilipojaribu. Fidla ikishashikiliwa na mguu, mkono wa kushoto unakuwa huru kabisa, hauna kazi ya kubeba chochote, unateleza juu na chini kama unavyotaka. Na muziki ule karibu wote uko kwenye huko kuteleza. Sauti moja inaweza kuyumba baina ya majirani zake na bado ikahesabiwa moja. Mwalimu wangu alikuwa mvumilivu. Baada ya miezi minane nikahesabu miaka ambayo wanafunzi wake walikuwa wameiweka, nikahesabu na kodi (hii sasa ya nyumba), nikaaga. Sijawahi kupiga Karnatik jukwaani wala sitathubutu. Ila ile hali ya mkono mwepesi nimebaki nayo, na wanaonijua wanasema bega langu la kushoto limeshuka.

Vikundi vya pop na vya gitaa za mbao vina lugha nyingine tena. Hawataki wimbo kutoka kwako kila wakati. Mara nyingi wanataka uwe ngoma. Kuna namna ya kuangusha upinde karibu na mpini wake, nywele zikagonga nyuzi zikatoa "kach" kavu isiyo na sauti ya muziki. Richard Greene, mpiga fidla wa Marekani, ndiye aliyeianzisha miaka ya 1960 akipiga kwenye kikundi cha Bill Monroe, mwanamuziki wa bluegrass, muziki wa nyuzi wa mashambani wa Marekani. Ni tamu kuipiga, inakula nywele za upinde, na mbao zake zinaumia. Upinde wangu mzuri ni wa mti wa pernambuko wa Brazili, ule ambao François Tourte, fundi wa pinde wa Paris, aliufanya kuwa mti wa pinde bora zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mti huo umekatwa mno. Tangu 2007 umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, inayodhibiti biashara yake kati ya nchi na nchi. Siugongi hovyo. Kwa kazi za "kach" na za uwanjani nina upinde wa nyuzi za kaboni usiojua jua wala mvua, na kusema kweli nusu ya wasikilizaji hawajawahi kugundua.

Sasa pesa, au tuseme haki, maana pesa peke yake ni rahisi kuizungumza.

Mwimbaji mmoja aliniita nijaze fidla kwenye wimbo wake. Hakukuwa na nota, alisema, "Sikiliza, weka unachosikia." Nikasikiliza mara mbili, nikapiga kitu cha mwanzo, sauti saba zinazoshuka na moja inayopanda ghafla. Ilichukua dakika kumi. Kila mtu mle studio alitabasamu. Nikapokea malipo ya siku, nikatia sahihi karatasi, nikaenda zangu. Wimbo ukapendwa. Na watu walichokuwa wakiimba wakiukumbuka, kabla hata ya maneno, zilikuwa zile sauti nane. Jina langu liliandikwa mahali: "fidla". Kwenye utunzi halikuwepo.

Sikuibiwa, hilo nalisema kwa haki. Nilitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe bila kusoma. Nilikuwa sijui tofauti ya hakimiliki ya mtunzi na hakishiriki ya mpigaji. Mpigaji ana haki zake juu ya kile alichokipiga. Zimo hata kwenye Mkataba wa Roma wa mwaka 1961. Lakini mtunzi ni mlango mwingine, na mirabaha ya mlango huo haimfikii aliyebuni mwanzo wa wimbo kama jina lake halikuandikwa kwenye utunzi. Na mitindo inachanganya zaidi. Okestrani kila sauti ina mwenyewe na amekwisha kuiandika. Kwenye nyimbo za kimapokeo hakuna mwenyewe, au wote ni wenyewe. Kwenye pop, ukiambiwa "weka unachosikia" unaombwa utunge, ila hakuna anayelitaja neno hilo. Sasa nalitaja mimi, kabla sijafungua sanduku la fidla: leo nimekuja kupiga au kutunga? Mara nyingi wanasema kupiga, nami nasema basi niandikieni nota. Hapo mazungumzo yanaanza. Mara mbili nimepoteza kazi kwa swali hilo. Mara tatu nimeandikwa kwenye utunzi.

Niligusie na sikio, kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema. Fidla inalia sentimita chache tu kutoka sikio la kushoto, kila siku, tangu utoto. Ukiongeza ngoma nyuma yako na spika mbele, unapita kirahisi desibeli 85, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hawataki ukivumilie zaidi ya saa nane kwa siku. Mimi nilianza kusikia mluzi usiku nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Siku hizi nina vizibo vilivyochongwa kwa masikio yangu, vinavyopunguza sauti bila kuifunika. Mwanzoni nilijisikia napiga nikiwa ndani ya sanduku. Nikazoea. Mluzi haukuondoka, ila haujaongezeka.

Kulegeza na kukaza nyuzi kila wiki nako kulinivunjia nyuzi nyingi, hasa ule wa mi ambao ni mwembamba na hauna subira. Mwishowe nikanunua fidla ya pili, ya kawaida tu, nikaitia sol, re, sol, re na kuiacha hivyo. Wanangu wanaiita "ya babu", ingawa yule mzee hakuwa babu yao na hawakumwona.

Miezi michache iliyopita niliitwa kwenye kazi iliyokusanya makundi mawili jukwaa moja: okestra kamili upande mmoja, na upande wa pili udi, kanuni, nai, rika na mimi na fidla ya babu. Taa zikashuka. Mpiga obo, ile zumari ya okestra, akatoa la, kama desturi, na fidla zaidi ya ishirini zikaidaka kwa pamoja, ule mlio ninaoupenda kuliko mlio wowote duniani. Wenzangu wa zamani walikuwa mle, wengine nilikaa nao stendi moja miaka sita. Nikainua upinde kwa mazoea. Kisha nikakumbuka kwamba uzi wa la sina. Nikaushusha upinde nikauweka mapajani, nikangoja. Okestra ilipotulia, mpiga kanuni aliyekaa kushotoni kwangu alininong'oneza bila kugeuza kichwa, "Chukua," akadonoa sol.